Shahidi Mmoja wa Alfajiri ya 2 Juni 1917

William Avery Bishop, kijana wa Kanada ambaye hesabu rasmi yamtaja kuwa ameangusha ndege 72 katika Vita Vikuu vya Kwanza, alitunukiwa Victoria Cross, nishani iliyo tukufu kupita zote katika majeshi ya Uingereza, kwa kitendo ambacho katika upande wake hapakuwa na jicho lililokiona ila lake mwenyewe. Na jambo hili, ambalo wapenda mashujaa hulipita upesi, ndilo limpasalo mwanahistoria kusimama na kulitazama kwa makini.

Riwaya yenyewe ni hii. Usiku wa kuamkia siku ile, Bishop alimtaka rubani mwenziwe wa Kikosi cha 60, Willy Fry, wafuatane, naye Fry akakataa. Basi jua halijachomoza akaruka peke yake katika Nieuport yake, akavuka mstari wa vita kuelekea upande wa Cambrai huko Ufaransa, na kabla ya saa kumi na mbili alikuwa amekwisha kurejea. Taarifa aliyoitoa yasema kwamba alikuta kiwanja chenye ndege saba, baadhi yake mashine zikiunguruma, na kwamba ndege tatu zilipojaribu kuruka zimkabili, aliziangusha zote karibu na pale pale. Kiwanja hicho kilikuwa Esnes au Awoingt: taarifa yenyewe yataja yote mawili, bila ya kukata shauri.

Mimi huyasoma mashaka hayo ya mahali kwa namna isiyowapendeza wanaomshutumu. Mzushi aliyekusudia kuaminiwa angalitaja jina moja kwa yakini. Mtu aliyeruka chini chini katika giza la alfajiri, juu ya nchi ya adui, hana budi kubabaika. Walakini kubabaika huko kunatupokonya kipimo, kwa kuwa hatujui ni daftari la kiwanja gani tulifungue.

Ndege yake ilirudi na matundu ya risasi. Haya nayo ni ushahidi, lakini ni ushahidi dhaifu: tundu hueleza kwamba risasi imepita, wala halielezi ilipita wapi, saa ngapi, au ilitoka katika bunduki ya nani. Kadhi asingelipokea kuwa shahidi wa pili.

Uzito mkubwa zaidi umo katika kimya cha Wajerumani. Kumbukumbu zao zilizosalia hazionyeshi hasara inayolingana na madai yale, na ndege tatu kuanguka mbele ya mafundi na marubani wa kiwanja kizima si tukio la kusahauliwa kwa wepesi. Hata hivyo kimya cha makaratasi kina daraja zake: nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam mwaka 1945, na chombo kilichovunjika pasipo mtu kufa hakikuwa na sababu ile ile ya kuandikwa kama maiti. Kwa hiyo kimya hiki chatia shaka kubwa, ila hakifiki kuwa kanusho.

Kosa la kwanza, kwa rai yangu, lilikuwa la wakubwa waliotangaza nishani tarehe 11 Agosti 1917 kwa kutegemea neno la mwenye kusifiwa, katika mwaka ambao rubani shujaa wa Uingereza, Albert Ball, alikuwa ameuawa mwezi Mei na taifa lilikuwa na kiu ya shujaa aliye hai. Kosa la pili ni la waliokuja baadaye wakadhani kwamba dai lisilothibitika ni uwongo uliothibitika. Filamu ya Paul Cowan ya mwaka 1982 ilipomtia Bishop mashakani, ghadhabu ilifika hadi Baraza la Seneti la Kanada, na mjadala ukageuka kuwa wa heshima ya wazee wa vita, hali swali lilikuwa jepesi na la haki: je, asubuhi ile kilitukia nini?

Jibu langu ni kwamba Bishop aliruka peke yake, jambo ambalo tayari lahitaji moyo mkubwa, na kwamba yumkini alipigana. Bali zile ndege tatu sizihesabu miongoni mwa mambo yaliyothibiti, na nishani haiziongezei ushahidi hata chembe.