Kondoo akimkataa mtoto: fanya kazi na pua ya mama

Kondoo anabeba mimba miezi mitano. Ni miezi mitano ya kumchunga, kumkatia majani wakati wa mvua, kumlinda na mbwa na wezi. Kiisha anazaa usiku, na asubuhi unakuta mtoto amesimama pembeni anatetemeka, mama anampiga kichwa kila akitafuta chuchu. Ama mama amezaa wawili, anapenda mmoja na kumfukuza mwingine. Ama mama amekufa katika kuzaa, na mtoto analia peke yake.

Wengi wetu tunasema ni bahati mbaya, tunaacha. Lakini kwa familia zilizo katika mkopo wa kuzunguka, hasara ile ni ya watu wawili. Mtoto jike wa kwanza ndiye anayetakiwa kupewa familia inayofuata kwenye liste. Akikufa, wewe umepoteza miezi mitano, na jirani anayengoja zamu yake ataanza tena kungoja. Kwa hiyo ni vizuri kila memba ajue namna ya kumpatanisha mama na mtoto, au kumtafutia yatima mama mwingine.

Kondoo anamjua mtoto kwa harufu

Mtoto akizaliwa, analowa maji ya uzazi. Mama anamlamba, na katika kulamba anaingiza harufu ya mtoto huyo kichwani mwake. Kwa kawaida saa moja au mbili zinatosha. Tangu hapo anajua: huyu ni wangu, wengine wote si wangu. Ndiyo maana kondoo anasukuma mtoto wa mwenzake hata kama kiwele chake kimejaa. Macho na sauti vinasaidia akiwa mbali, lakini mtoto akikaribia chuchu, pua ndiyo inaamua.

Mlango huo wa kupokea mtoto unafunguka kwa sababu ya kuzaa kwenyewe. Mtoto akipita njia ya uzazi, mwili wa mama unaamka na kutaka kulamba. Kama saa chache zinapita bila mama kulamba mtoto yeyote, hamu ile inapungua, na kesho yake kazi inakuwa nzito zaidi. Kwa hiyo saa za kwanza zina thamani kubwa kuliko siku zote zinazofuata.

Angalia kwanza mwili wa mama

Kabla ya kusema mama ni mbaya, shika kiwele chake. Kikiwa kigumu, chenye joto sana, chekundu, au kinatoa maziwa yenye mabonge au damu, mama anakataa kwa sababu ya maumivu. Ita veterineri. Kamua kila chuchu mara moja au mbili ili kutoa kizibo kidogo kinachofunga tundu siku ya kuzaa. Tazama kama chuchu ina kidonda.

Angalia pia kama ni uzazi wake wa kwanza. Kondoo kijana anaweza kuogopa tu. Mara nyingi ukimweka pa kimya, bila watoto wa nyumba na mbwa kuzunguka, anarudia mtoto wake mwenyewe. Na kama amedhoofika kwa kukosa chakula wakati wa mimba, mpe majani mazuri na maji safi mara moja. Mama mwenye njaa hana maziwa, na asiye na maziwa hana subira.

Usimkimbize mtoto jikoni

Hapa ndipo huruma yetu inaharibu kazi. Kwenye milima ya Masisi, Lubero au Minembwe usiku ni baridi, na mtoto aliyezaliwa chini ya mvua anapoa haraka. Mama wa nyumba anamchukua, anampangusa vizuri, anamlaza karibu na moto. Mtoto anapona baridi. Lakini akirudishwa baada ya nusu siku, ananuka moshi na mikono ya watu. Kondoo anamnusa, anamkataa.

Mtoto lazima apate joto, lakini ayapate karibu na pua ya mama. Msugue kwa majani makavu kifuani na mgongoni, umwachie mama sehemu ya nyuma na mkia alambe. Jaza maji ya moto katika bido ndogo au chupa, ifunge vizuri, izungushie kitambaa ili isimchome, umlaze mtoto kando yake, mama akiwa palepale. Kama hakuna njia nyingine ila kumpeleka kwenye moto, usimwoshe kwa sabuni, na mrudishe upesi.

Ingiza kidole katika mdomo wa mtoto. Mdomo ukiwa wa baridi na hanyonyi kidole, mpashe joto kwanza. Mtoto wa baridi hawezi kumeza vizuri; maziwa yanaweza kuingia mapafuni na kumuua.

Maziwa ya kwanza hayangoji

Mtoto wa kondoo anazaliwa bila kinga ya magonjwa. Kinga hiyo anaipata katika maziwa mazito ya njano ya siku ya kwanza. Tumbo lake linaweza kuipitisha kwenda katika damu kwa masaa kama 24 tu, na masaa ya mwanzo ndiyo bora. Kwa hiyo, hata kama bado unatafuta namna ya kuwapatanisha, mtoto anywe.

Kipimo ni mililita 50 kwa kila kilo ya mtoto katika masaa mawili ya kwanza, na mililita 200 kwa kila kilo katika siku nzima ya kwanza. Mtoto wa kilo 2 anahitaji mililita 100 mwanzoni, ni kama theluthi ya chupa ndogo ya 33 cl. Hadi kesho yake awe amekunywa mililita 400, kidogo kidogo. Mama yake akiwa hai, mfunge na umnyonyeshe mtoto kwa mkono wako. Kama amekufa, tumia maziwa ya kwanza ya kondoo mwingine au ya mbuzi aliyezaa siku ileile. Kitovu nacho kitiwe dawa ya yodi.

Njia nne za kuwapatanisha

*Kizizi kidogo.* Hii ni kwa mama anayekataa mtoto wake mwenyewe. Watenge wawili hao mahali pakavu, mita moja na nusu kila upande, siku mbili au tatu. Mpake mtoto maji ya uzazi yaliyobaki, hasa kichwani na nyuma. Wengine wanampaka maji yenye chumvi kidogo ili mama apende kulamba. Kila masaa mawili au matatu mshike mama, mtoto anyonye.

*Maji ya uzazi.* Hii ndiyo njia bora kwa yatima. Kondoo mwingine akianza kuzaa, kinga maji yake kwa beseni safi. Mloweshe yatima mwili mzima, umweke mbele ya pua ya mama wakati uleule mtoto wake anapotoka, awalambe wote wawili pamoja. Yatima aliyekwisha kuwa na nguvu za kukimbia, mfunge miguu mitatu kwa kitambaa laini kwa nusu saa, alale na kuhangaika kama aliyezaliwa sasa hivi. Mama anaamini pua yake: anahesabu mapacha.

*Ngozi ya aliyekufa.* Mtoto wa kondoo akifa katika kuzaa na mama yuko na maziwa, chuna ngozi siku ileile, uache matundu ya miguu kama shati, na sehemu ya mkia ibaki. Mvalishe yatima. Mama atanusa wake. Baada ya siku mbili au tatu, maziwa ya mama yakiwa yamekwisha kupita tumboni mwa yatima, ngozi inatolewa kabla ya kuoza. Lakini angalia: usifanye hivi kama mtoto alikufa kwa kuhara au ugonjwa, au mimba iliharibika. Na kama katika kijiji kuna mbuzi na kondoo wenye homa, makamasi na vidonda mdomoni, inaweza kuwa PPR, yaani sotoka ya mbuzi na kondoo. Hapo hakuna kuhamisha mnyama yeyote. Mjulishe veterineri.

*Kufunga kichwa.* Kama mengine yameshindikana, simamisha miti miwili ya mikaratusi au mianzi, upitishe shingo ya mama katikati. Asiweze kugeuka kunusa wala kupiga, lakini aweze kula, kunywa, kusimama na kulala. Mtoto ananyonya kwa uhuru. Jaribu kumfungua baada ya siku mbili. Kwa kawaida haizidi tano. Usimpige hata kidogo. Mama anayeogopa hatoi maziwa.

Katika kazi hizi zote, osha mikono kwa sabuni. Mama mwenye mimba asisaidie kondoo kuzaa, asiguse maji ya uzazi wala kondo la nyuma. Kuna magonjwa yanayopita kutoka kondoo kwenda kwa binadamu na yanaweza kuharibu mimba yake.

Utajua namna gani kwamba amekubali?

Mama anamwita kwa sauti ya chini bila kufungua mdomo sana. Mtoto akinyonya, anamnusa mkia bila kumsukuma. Mtoto anatikisa mkia, tumbo linajaa, kiisha analala. Lakini mtoto anayesimama amepinda mgongo, analia ovyo, au ananyonya kwa kuiba kutoka nyuma katikati ya miguu ya mama, bado hajapokelewa.

Yatima wa jirani, mama wa kwako

Mtu mwenye kondoo watatu hawezi kutegemea kwamba siku yatima anabaki, kondoo wake mwingine atazaa. Lakini koperative yenye familia ishirini inaweza. Ndiyo maana tunashauri kila kikundi kiwe na daftari la kuzaa. Kila memba aandikishe siku ambayo jike lake lilipandwa. Ongeza miezi mitano, unapata wiki ya kuzaa. Mtu akipata yatima, anapiga simu kwa mwenye daftari, naye anajua palipo kondoo anayezaa leo au aliyefiwa usiku huu.

Mambo mawili myakubali mapema, katika mkutano, si wakati yatima analia. La kwanza: mtoto ni wa nani, na mwenye mama aliyenyonyesha atapata nini? Kila kikundi kipange chake, kiandikwe, watu watie sahihi. La pili: mnyama hahami kutoka kundi lenye ugonjwa.

Na kama hakuna mama kabisa

Tumia biberoni na maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe, ya uvuguvugu. Wiki ya kwanza mpe mara nne au tano kwa siku. Jumla iwe kama mililita 150 hadi 200 kwa kila kilo ya mtoto. Mbuzi mtulivu mwenye maziwa mengi anaweza pia kushikwa ili mtoto anyonye moja kwa moja. Usimpe uji wa mihogo wala chai ya sukari badala ya maziwa: tumbo la mtoto mchanga haliwezi kusaga unga. Biberoni ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Kuanzia wiki ya pili mwekee majani laini, na asiachishwe maziwa kabla ya wiki nane.

Mtoto wa biberoni anaishi, lakini anakula muda na maziwa ya nyumba. Mwenye mama anajilisha mwenyewe na anajifunza kuchunga. Kwa hiyo katika mkutano unaokuja, kabla ya kufunga, chagueni mtu wa kushika daftari la kuzaa. Andikeni majike yote yenye mimba, muanze na yale yanayokaribia.