Theluji ya Mlima Kenya na Maji ya Ukambani

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf aliona kutoka Kitui mlima mkubwa ulio mbali, wenye vilele viwili vilivyofunikwa na kitu cheupe. Mwenyeji wake Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri wa Wakamba, alikuwa amekwisha kumpa habari za mlima huo. Huko London, W. D. Cooley, bingwa wa jiografia, alikataa katakata kusadiki kuwa theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Wakamba hawakuwa na shaka, kwani weupe ule waliuona kwa macho yao.

Siku hizi weupe huo unakwisha. Mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika Batian, kilele chenye urefu wa mita 5,199, barafu ya Mlima Kenya ilienea juu ya hekta 160 hivi. Kufikia mwaka 2022 hazikubaki hata hekta 10. Barafu iitwayo Lewis, ambayo wataalamu wameipima kwa miaka mingi, ilipoteza sehemu 9 katika kila 10 za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kilimanjaro nayo ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na sasa haifiki hata kilomita ya mraba moja. Sababu ni joto lililozidi, pamoja na ukavu wa hewa: theluji mpya ianguke kidogo, na jua likaila ile ya zamani.

Basi wakulima wengi wa Kitui na Makueni huuliza: theluji ikiisha, je, mito nayo itakauka? Swali hili lina maana kubwa, kwa kuwa mtu asiyejua akiba yake imewekwa wapi hawezi kuilinda.

Hesabu ndogo yatosha kulijibu. Ikiwa hekta 10 za barafu zitayeyuka kwa kina cha mita moja katika mwaka, maji yatakayopatikana hayatazidi mita za ujazo 100,000. Hata zile hekta 160 za zamani zingetoa 1,600,000 tu. Lakini bwawa la Masinga katika mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, lilijengwa lipate kuweka zaidi ya mita za ujazo 1,500,000,000. Ni dhahiri kuwa Tana haikujazwa na theluji kamwe. Vijito vidogo vilivyo karibu na kilele vitapungukiwa wakati wa kiangazi. Lakini mto mkubwa upitao mpakani mwa Kitui hulishwa na mvua inyeshayo juu ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Miti huyanasa mawingu na ukungu, udongo wa msituni huyanywa maji, kisha huyaachilia polepole miezi ya ukame. Kwa hiyo uchunguzi wa mwaka 1999, uliofanywa kwa ndege na kuonyesha jinsi msitu wa Mlima Kenya ulivyokatwa na kuchomwa makaa, ulikuwa habari nzito kwa mkulima wa Kitui kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Ushahidi mwingine uko Makueni kwenyewe. Vilima vya Chyulu havifiki mita 2,200, wala havijapata kuwa na theluji. Juu yake hakuna mto, kwa kuwa miamba ya volkano hunywa mvua yote. Lakini chini yake huchimbuka chemchemi za Umani karibu na Kibwezi, na ile kubwa ya Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 maji yake hupelekwa Mombasa kwa bomba.

Hata hivyo mvua yenyewe haina ahadi. Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba mpaka Desemba, na mvua hizo hufuata hali ya Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari ukipata joto kupita kawaida, mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Upande huo ukipoa, mawingu hupungua. Kutoka vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu mitano ilishindwa mfululizo, na ng'ombe wengi wakafa.

Kwa kuwa mvua huja kwa wingi kisha hukoma, kazi kubwa ni kuiweka. Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache tu, lakini mchanga wake huficha maji. Ukuta wa mawe na saruji ukijengwa juu ya mwamba kukata mto, mafuriko huujaza mchanga nyuma yake, na robo ya ujazo wa mchanga huo au zaidi yaweza kuwa maji ambayo jua halifiki kuyanywa. Kuta za namna hii zilianza kujengwa Ukambani kabla ya uhuru, na tangu miaka ya 1990 mamia yamejengwa huko Kitui na shirika la SASOL pamoja na wanakijiji. Kwa sababu hiyo hiyo Makueni ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga: lori moja la mchanga likiuzwa mjini, pamoja nalo imeuzwa nafasi ya kuwekea maji.

Hakuna mkulima awezaye kuirudisha theluji ya Batian. Lakini msitu usiokatwa, matuta yaliyotengenezwa kabla ya Oktoba, na mchanga ulioachwa mtoni ni mambo yaliyo katika uwezo wa watu. Akiba haiozi, walisema wazee. Nayo akiba ya maji ya Ukambani imo mchangani na msituni.