Ndoano ya trekta dogo: iimarishe kabla ya kufunga tela la mzigo mzito

Wenye matrekta madogo yanayovuta miwa, matofali, mpunga na mahindi katika maeneo ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanashauriwa kukagua ndoano ya nyuma kabla ya kuongeza mzigo. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoshika tela. Ikikatika njiani, mwenye mali hupoteza mzigo na siku ya kazi, na wakati mwingine watu hupoteza maisha.

Matrekta mengi ya aina hii ni mitumba kutoka Japani. Hushushwa bandari ya Mombasa, kisha huingia Uganda kupitia Malaba au Busia. Kule yalikotoka yalitengenezwa kwa kulima majaruba ya mpunga na bustani, si kwa kuvuta tela la tani moja mlimani. Yale ya kukatia nyasi ni dhaifu zaidi, kwani ndoano yake mara nyingi imefungwa kwenye bamba la nyuma lenye unene wa milimita 3 au 4 tu.

Kazi za Jinja na za Mbale hazifanani. Upande wa Jinja, mashamba ya miwa yanayozunguka Kakira na Mayuge yako kwenye ardhi isiyo na milima mirefu, lakini tela hutoka shambani likiwa limezama kwenye udongo laini. Upande wa Mbale, mzigo hushuka na kupanda miteremko ya mlima Elgon kuelekea Sironko na Bududa. Shambani ndoano huumizwa na mshtuko wa kuondoka, na mlimani huumizwa na mvuto wa muda mrefu na msukumo wa tela wakati wa kushuka.

Hesabu ya nguvu

Tuchukue mfano. Tela tupu lina kilo 300, na mzigo ni kilo 1,000. Jumla ni kilo 1,300. Kwenye barabara ya moramu iliyo tambarare, kulivuta kunahitaji nguvu ya kilo 50 hivi. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, ongeza kilo 130. Ndoano sasa inavutwa kwa nguvu ya kilo 180.

Kilo 180 si nyingi kwa chuma kizima. Tatizo ni mshtuko. Dereva akiachia klachi ghafla huku pini ikicheza ndani ya tundu lake, nguvu hiyo hupanda mara mbili au zaidi kwa dakika moja ya jicho. Mishtuko hiyo ikirudiwa kila siku, ufa huanza pembeni mwa tundu la bolti na kuendelea kukua bila kuonekana chini ya rangi na matope.

Aidha, tela la magurudumu mawili huegemeza sehemu ya uzito wake juu ya ndoano. Kwa kawaida ni kilo 10 hadi 15 kwa kila kilo 100 za tela na mzigo, yaani karibu kilo 150 katika mfano wetu. Kwa hiyo ndoano inavutwa nyuma na kukandamizwa chini kwa wakati mmoja.

Urefu wa ndoano kutoka chini

Hapa ndipo ajali mbaya zinapotokea. Trekta la kilo 600 huwa na takriban kilo 240 kwenye magurudumu ya mbele. Ndoano ikiwa sentimita 35 kutoka ardhini, mzigo wa mfano wetu huondoa karibu kilo 95 kwenye magurudumu hayo. Ukija mshtuko wa mara mbili, huondoa karibu kilo 145. Usukani bado unashika.

Lakini mnyororo ukifungwa juu, kwenye mkono wa juu wa kunyanyulia jembe, sentimita 70 kutoka ardhini, mshtuko uleule huondoa kilo 240 zote. Magurudumu ya mbele hunyanyuka, na trekta linaweza kupinduka kumwangukia dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Mlimani hali huwa mbaya zaidi, kwani mwinuko wenyewe tayari umehamishia uzito nyuma.

Kanuni ni moja: sehemu ya kuvutia iwe chini ya kitovu cha ekseli ya nyuma. Mkono wa juu ni wa jembe, usivutie tela hata kwa safari fupi. Uzito wa chuma uliofungwa mbele ya trekta husaidia, lakini hauondoi kosa la kufunga juu.

Namna ya kuimarisha

Mafundi wengi huongeza chuma pale palipokatika na kuchomelea juu ya ufa. Baada ya majuma machache chuma hupasuka tena pembeni mwa mchomeleo, kwa sababu nguvu yote bado inaishia kwenye bamba lilelile jembamba. Dawa ni kuitawanya nguvu hiyo hadi kwenye chasi.

1. Osha sehemu yote ya nyuma, kwangua rangi na tafuta nyufa kwenye matundu ya bolti na kwenye kona. Mstari mwembamba wa kutu mara nyingi ni ufa.

2. Weka bamba la chuma la milimita 8 hadi 10 nje ya bamba la nyuma, na jingine ndani, ili lile jembamba libanwe katikati.

3. Tumia bolti za milimita 12 zenye alama 8.8 kichwani, pamoja na washa pana na nati za kujifunga. Bolti isiyo na alama haifai kwa kazi hii.

4. Toa mikono miwili ya chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, kutoka kwenye ndoano kwenda mbele, hadi kwenye chasi. Ifunge kwenye matundu yaliyopo. Usitoboe wala kuchomelea giaboksi au nyumba ya ekseli. Chuma hicho ni cha kumimina, na hupasuka kikichomelewa ovyo.

5. Pini iwe ya chuma kigumu, milimita 20 au zaidi, na iwe na klipu ya kuizuia isiruke. Kipande cha nondo si pini, kwani hupinda na kukata tundu.

6. Ongeza mnyororo wa usalama kutoka tela hadi kwenye chasi ya trekta, si kwenye ndoano ileile.

Pale panapolazimu kuchomelea, chuma kisafishwe hadi king'ae, na fundi atumie rodi za 7018 zilizo kavu. Betri ifunguliwe kwanza. Waya wa athi ubanwe karibu na sehemu inayochomelewa, ili umeme usipite kwenye beringi.

Siku ya kwanza vuta nusu ya mzigo kwenye tambarare, kisha kaza bolti zote upya. Baada ya hapo, ukaguzi wa kila juma unatosha.

Ndoano imara haiongezi nguvu ya trekta

Hata hivyo, mwenye trekta asidhani kuwa ndoano mpya inamruhusu kupakia bila kipimo. Ndoano ikiwa imara kuliko giaboksi, kitakachofuata kuvunjika ni giaboksi, na bei ya giaboksi haifanani na bei ya bamba na bolti. Matrekta ya kukatia nyasi ndiyo huathirika upesi.

Breki nazo ni suala jingine. Kwenye mteremko ule wa mfano wetu, kilo 130 zilizokuwa zikivuta nyuma sasa zinasukuma mbele. Tela lisilo na breki humsukuma dereva hadi trekta ligeuke ubavu. Kwa njia za Sironko na Bududa, hasa wakati wa mvua, tela la tani moja lisilo na breki zake lisifungwe kwenye trekta dogo. Dereva naye aingize gia nzito kabla ya kuanza kushuka, wala asibadilishe gia katikati ya mteremko.

Barabara kuu kutoka Jinja kupitia Iganga hubeba malori ya kwenda na kutoka Malaba na Busia mchana na usiku. Tela lililochomoka hapo ni hatari kwa kila anayekuja nyuma. Viakisi na taa za nyuma kwenye tela ni lazima ziwepo, na safari za usiku ziepukwe.

Kwa mfanyabiashara anayenunua trekta la mtumba mpakani, ushauri ni kuinama na kutazama nyuma kabla ya kulipa. Mchomeleo mpya juu ya rangi ya zamani, pini iliyopinda au tundu lililopanuka ni ushahidi kwamba trekta hilo limevutishwa kupita uwezo wake. Hapo bei izungumzwe upya, na giaboksi lisikilizwe likiwa na mzigo kabla ya mkataba kutiwa saini.