Alama Iliyokosekana Gjøl

Mwaka 1959, katika kijiji cha Gjøl kaskazini mwa Denmark, Thomas Dam alichonga zimwi dogo la mti kwa ajili ya binti yake. Watu wakalipenda, maagizo yakamiminika, na mchongaji akajikuta na kiwanda. Mazimwi yake ya mwanzo yalikuwa ya mpira uliojazwa maranda, yenye macho ya kioo na nywele za sufu ya kondoo. Hayo ndiyo wakusanyaji wa leo wanayoyasaka kwa udi na uvumba, kwani baadaye plastiki ilichukua nafasi ya mpira.

Marekani nayo ilipoyachangamkia, yaliuzwa huko bila alama sahihi ya hakimiliki. Mwaka 1965 mahakama ya Washington ikaamua kuwa umbo hilo halina ulinzi wa sheria. Mlango ukawa wazi: kila mwenye kalibu akafyatua mazimwi yake, na faida ikaenda kwa wasiolibuni. Dam alifariki mwaka 1989, kabla ya sheria ya Marekani ya 1994 kurejesha hakimiliki za kazi nyingi za kigeni. Mwaka 2013 kampuni ya filamu ya DreamWorks ilinunua haki za mazimwi hayo, isipokuwa katika Skandinavia, na filamu kuyahusu ikatoka mwaka 2016.

Kwa sababu ya miaka hiyo bila ulinzi, soko la vitu vya kale limejaa mazimwi ya kuiga, na mnunuzi mzoefu huligeuza zimwi kwanza, akatafuta chapa kwenye nyayo au mgongoni, kabla hata ya kuutazama uso.

Norway ina mkondo wake. Karakana ya Henning ilichonga mazimwi ya mbao, na Trygve Torgersen alianza kutengeneza yake yenye chapa ya Nyform mwaka 1964. Kwangu mimi, ya mbao ndiyo yenye thamani ya kudumu: mikato ya kisu yanaonekana, na hakuna mawili yanayofanana kabisa. Plastiki ya zamani hutoa unato, mpira hukakamaa na kupasuka, sufu huliwa na nondo. Mbao nazo hupata nyufa zikiwekwa karibu na kipasha joto.

Ukitaka kununua, omba picha ya nyayo, ya mgongo na ya macho, na uulize kama nywele zimewahi kubadilishwa. Muuzaji akisita kukujibu, usimtumie fedha.