Kwa nini mizigo ya Karema hughalimu zaidi ikifika Mpanda

SHEHENA ifikayo Mpanda kwa garimoshi haiwezi kuendelea hadi Ziwa Tanganyika bila kupakuliwa. Reli ya kutoka Kaliua, yenye kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, nayo huishia mjini hapo. Bandari ya Karema iko zaidi ya kilomita 100 mbele.

Hivyo saruji ya kwenda Kalemie, Kongo, hushushwa behewani, hupakiwa lorini, kisha melini; kila hatua ina ujira wake. Lori likirudi tupu, na hapo ndipo penye maumivu, nauli ya kwenda hufidia ya kurudi. Mfanyabiashara wa Makanyagio huingiza yote hayo katika bei.