Kuni za Novemba Hukaushwa Agosti

Sufuria ya muthokoi haina haraka. Mahindi yaliyokobolewa yakishachanganywa na maharagwe makavu, hukaa motoni saa kadhaa, na muda wote huo lazima mtu awe karibu: asukume kuni ndani, apulize, afute macho. Kitui na Makueni chakula hiki hupikwa mwaka mzima, lakini mwezi unaompima mpishi ni Novemba. Baridi ya Juni na Julai kwenye vilima vya Kilungu na Mbooni nayo inataka moto wake, ila mvua za vuli ndizo nzito, na ndizo Ukambani hutegemewa kuliko za masika. Zikianza, kila mwenye nguvu yuko shambani, na kuni zilizoachwa uani zinachuruzika maji.

Lakini maji yanayosumbua zaidi hayakutoka mawinguni. Yalikuwa ndani ya mti tangu ulipokuwa hai. Mti mbichi una maji kati ya theluthi moja na nusu ya uzito wake. Chukua mzigo wa kilo 30 unaobebwa mgongoni, kamba ikipita juu ya kichwa. Tukiyakadiria maji yake kuwa asilimia 40, ndani yake mna lita 12, zaidi ya nusu ya mtungi wa lita 20. Katika nchi ambayo wanawake hutembea mbali kufuata maji ya kunywa, mwingine anapanda kilima na lita 12 asizoweza kuzinywa wala kupikia.

Motoni, maji hayo hudai malipo mara mbili. Kwanza lazima yageuke mvuke, na kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.4 za joto kabla ya kuondoka. Kilo moja ya kuni kavu kabisa hutoa megajuli 18 hivi, kwa hiyo katika mzigo ule wa kilo 30 hasara hii ni karibu sehemu moja ya kumi. Si kubwa kama watu wanavyodhani. Malipo ya pili ndiyo yanayoumiza. Ukuni wenye maji haupandi kupita nyuzi 100 mahali palipo na maji mpaka yaishe. Upande mmoja umeshika moto, upande wa pili unatoa povu na kulia. Gesi zinazotoka kwenye mbao, ambazo zikikutana na joto la kutosha huwaka na kuwa mwali, hukutana na moto uliopoa na kupita bila kuungua. Gesi hizo ndizo moshi. Unaoona ukitoka mlangoni ni nishati ya mti uliokatwa, imetupwa.

Tena moshi hautoki wote. Mwingine huingia mapafuni pamoja na kaboni monoksidi na chembe laini zisizoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Kuni kavu hazifuti hatari hiyo, maana jiko la mafiga matatu hutoa moshi hata likilishwa kuni nzuri. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupikia kuni. Mpaka jiko bora au gesi ifike Ikutha na Kathonzweni kwa bei ya mtu wa kawaida, ukavu wa kuni ni jambo lililo mikononi mwa mpishi leo.

Hapa sayansi ina habari njema. Ukuni hupatana na hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, ukuni hutulia ukiwa na maji ya asilimia 7 au 8 ya uzito wa mbao kavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 80, hutulia karibu na asilimia 16. England, ambako tangu Mei 2021 sheria inataka kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo zisizidi asilimia 20, kiwango hicho hutafutwa kwa bidii, mara nyingi kwa tanuri la kukaushia. Ukambani jua na upepo wa Agosti na Septemba hufanya kazi hiyo bure. Na hewa ya Novemba, hata ikiwa nzito, haiwezi peke yake kuzirudisha kuni zilizokauka kwenye hali ya ubichi. Vinavyozirudisha ni mvua na udongo, na hivyo viwili vinazuilika.

Ila maji hayatoki popote yanapotaka. Ndani ya mti yalipita kwenye mirija iendayo toka mzizi hadi tawi, na wakati wa kukauka hupita humo humo, yakitokea kwenye ncha zilizokatwa. Gome huyafungia. Gogo refu lisilopasuliwa laweza kukaa uani miezi mingi, likalia kavu ukiligonga, kumbe kiini bado kina maji. Lipasue, likate vipande vifupi, nawe umefungua milango. Ncha zikipasuka nyufa kutoka katikati kwenda nje, maji yaliyoshikwa na kuta za nyuzi yameanza kuondoka na mbao inasinyaa. Mwenye mizani apime kipande kimoja chenye alama kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, rundo liko tayari.

Banda la kuzikaushia kuni hizo si kazi kubwa. Safu ya mawe chini, fito juu ya mawe, kuni juu ya fito, na mabati mawili matatu yaliyoinama kuelekea upande unakotoka upepo wa mvua. Pande zibaki wazi. Kuzifunika kwa nailoni gubigubi hufungia mvuke ndani, na ukungu huota. Mawe yana faida nyingine: mchwa hulazimika kujenga vijia vya udongo juu yake, ukaviona na kuvibomoa mapema. Nguzo za mukau hustahimili mchwa, na mti huo hupandwa sana Kitui, ambako Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kwa ushirikiano na JICA ya Japani, imeboresha mbegu zake. Matawi yanayopunguzwa ili shina linyooke ni kuni tayari, bila kuugusa mgunga ambao maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi.

Na mabua ya mbaazi yasidharauliwe. Baada ya mavuno hukatwa, hukauka upesi kwa wembamba wake, na huwasha moto vizuri ingawa hayakai. Yanafaa kuanzisha jiko, kisha muuku au mgunga uliokauka ushike zamu ndefu ya muthokoi.

Kuhusu makaa, Kitui ilipiga marufuku biashara yake mwaka 2018, na hoja ilikuwa miti. Hoja hiyo hiyo inagusa kuni: kaya inayochoma kuni mbichi hukata matawi mengi zaidi kwa sufuria ile ile, na mgunga hauharakishi kukua kwa ajili ya mtu.

Banda lijengwe mbali kidogo na vyumba vya kulala. Rundo la kuni hupendwa na panya, na panya humleta bafe, naye nge hujificha chini ya magome. Kuni zitolewe kutoka juu, mkono ukienda mahali ambapo jicho limeshafika, na mtoto asitumwe kuzifuata usiku bila tochi na viatu.