Kinachouawa Si Virusi

Miongoni mwa dhana potofu kuhusu kinga ya mwili, iliyokita mizizi zaidi ni ile inayozichora seli nyeupe za damu kama askari wanaovizia virusi na kuviua kimoja kimoja. Picha hiyo inakaribia ukweli kwa antibodi, yaani protini zinazonata kwenye virusi vilivyo nje ya seli, lakini kwa seli T zinazoua, ambazo ni aina ya seli nyeupe, picha hiyo ni kosa, kwa sababu zinachokiua ni seli ya mwili wenyewe, ambayo virusi vimeingia ndani yake na kuigeuza karakana ya kuzalishia virusi vingine.

Kazi hiyo ina hatua tatu: kuandaliwa, kutambua na kuua. Maandalizi hufanyika katika tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani watu huziita mitoki, ambako seli zenye matawi huleta vipande vya protini za virusi kutoka mahali palipoambukizwa. Ni seli T chache mno zenye kipokezi kinachooana na kipande fulani, nazo zikikipata hugawanyika mfululizo, kila moja ikizaa maelfu katika muda wa takriban juma moja. Tezi kuvimba wakati wa maambukizi, basi, si dalili ya damu chafu wala ya kutupiwa jini, bali seli za kinga zinakusanyika na kuongezeka humo.

Kutambua kunahitaji maelezo marefu zaidi. Karibu kila seli yenye kiini hukatakata baadhi ya protini inazotengeneza na kuvipeleka vipande vyake, kwa kawaida vya asidi amino 8 hadi 10, kwenye uso wake, vikiwa vimepakatwa na molekuli ziitwazo MHC daraja la kwanza. Umuhimu wa molekuli hizo ulidhihirishwa na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty huko Canberra, Australia, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1974 na iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Walichukua seli T za panya walioambukizwa virusi vya LCMV, wakazichanganya na seli zilizoambukizwa virusi hivyohivyo na kutiwa kromiamu yenye mnururisho, ili seli ikifa kromiamu ivuje na kupimwa. Kromiamu ilivuja kwa wingi pale tu seli lengwa zilipokuwa na MHC inayolingana na ya seli T. Seli za panya wa ukoo mwingine, ingawa nazo zilikuwa na virusi, zilibaki salama. Seli T, kwa hiyo, haivitambui virusi peke yavyo, bali huvitambua pamoja na MHC ya mwili wake.

Virusi hivyo vina somo la pili, ambalo wauzaji wa dawa za "kuongeza kinga" wangepaswa kulijua kabla ya kubandika lebo kwenye chupa zao. LCMV kwa kawaida haviui seli vinamoishi. Panya mzima akidungwa virusi hivyo ubongoni hufa baada ya siku chache kwa sababu ya seli T zake mwenyewe, ilhali panya aliyeondolewa seli hizo huishi navyo. Vivyo hivyo, mgonjwa wa homa ya ini ya B anapopata manjano ya macho, ini huwa limeumizwa zaidi na kinga kuliko na virusi vyenyewe.

Katika kuua, seli T hujibana na seli lengwa na kuimwagia perforini, inayotoboa utando, pamoja na granzaimu, zinazopenya ndani na kuilazimisha seli ijiue kwa utaratibu: hunywea, DNA yake hukatikakatika, na mabaki yake humezwa na seli nyingine. Seli T huachana nayo na kuendea nyingine. Maambukizi yakiisha, zaidi ya asilimia 90 ya seli hizo hufa, na chache hubaki kama kumbukumbu. Kama wingi wa kinga ungekuwa ndiyo afya, mwili usingeziondoa seli zilizokwisha kuushindia. Huziondoa kwa sababu chenye uwezo wa kuua seli za mwili ni hatari hata kikiwa upande wake.